Liposomu za klodroneti kwenye mbu: tathmini ya dawa inayoua seli zinazomeza

Kichupa cha liposomu za klodroneti, yaani dawa iliyofungiwa ndani ya vitufe vidogo vya mafuta, kinapofika kwenye maabara ya mbu, karatasi iliyomo ndani inazungumzia panya. Dozi imepangwa kwa gramu za uzito wa mnyama, njia ya kudunga ni mshipa wa mkia au tumbo, na mbu hatajwi popote. Vifaa vingi vya utafiti wa kinga viko hivyo: vimetengenezwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo, watu wa wadudu wanaviazima. Azima hii imelipa. Mwaka 2019 Kwon na Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walionyesha kwamba dawa hii hupunguza seli zinazomeza katika Anopheles gambiae, na kwamba mbu aliyepunguziwa seli hizo hubaki na vimelea vingi zaidi vya malaria. Kwa kuwa zana za kijenetiki za kulenga seli za damu ya mbu ni chache, wengi sasa wanaiagiza kama jambo la kawaida.

Hukumu tuitoe mapema. Ni dawa nzuri kwa swali moja: je, seli zinazomeza zinahusika na jambo hili? Kwa swali pana la kazi ya seli zote za damu ya mbu haifai, na anayeandika kwamba "aliondoa hemositi", yaani seli za damu ya mbu, baada ya kuitumia amedai zaidi ya alichofanya. Kushindwa kwingi kunakolaumiwa kwenye dawa hutokana na friji, sindano, au kukosa kikundi cha ulinganisho kinachofaa.

Mbu hana mishipa inayosafirisha damu kama yetu. Hemolimfu, ndiyo damu yake, huzunguka wazi ndani ya mwili, ikisukumwa na moyo mrefu uliolala mgongoni, na ndani yake mna hemositi zinazokadiriwa kati ya 500 na 4,000 kwa mbu mzima. Kwa mgawanyo wa kawaida ziko aina tatu. Granulositi hushikamana na kioo, hujitandaza, na humeza bakteria au chembe yoyote inayofanana nayo. Enositoidi ni za mviringo, hazimezi, na zinahusishwa na vimeng'enya vya kutengeneza melanini. Prohemositi ni ndogo, kiini kimejaza karibu seli nzima. Maabara moja itakwambia granulositi ndizo nyingi kupita zote, nyingine itakwambia ni chache mno katika kila mia. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye njia ya kutoa damu na vigezo vya kuita seli granulositi, kwa hiyo usilinganishe asilimia zako na za mtu mwingine kabla ya kusoma alivyohesabu.

Si hemositi zote zinazoelea, tena. Karibu robo hukaa zimeshikamana na tishu, na kundi muhimu hukusanyika kando ya vitundu vya moyo, mahali hemolimfu inapoingilia. Mbu akipata maambukizi, hemositi zaidi hukimbilia hapo. Hili litarudi tukifika kwenye uhakiki, kwa sababu ndiko watu wengi wanakodanganyika.

Klodroneti yenyewe ni dawa ya mifupa ya kundi la bisifosfoneti. Ikiwa huru kwenye maji haipiti kirahisi kwenye utando wa seli, kwa hiyo peke yake haiui sana. Ujanja uko kwenye kifungashio: imefungiwa ndani ya vitufe vya mafuta, fosfatidilikolini na kolesteroli, vilivyo na tabaka nyingi na kipenyo cha mikromita moja hadi mbili hivi, yaani karibu na ukubwa wa bakteria. Seli inayomeza bakteria huvimeza pia. Ndani ya seli, vimeng'enya vya kusaga huvunja tabaka za mafuta, klodroneti humwagika, na seli yenyewe huigeuza kuwa kitu kinachofanana na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, lakini kisichotumika. Kitu hicho huziba mlango wa mitokondria unaobadilishana ADP na ATP, na seli hujiua. Kwa maneno mengine, seli hufa kwa kadiri ilivyomeza. Enositoidi isiyomeza hubaki hai, na prohemositi vilevile.

Njia hii ya Nico van Rooijen wa Amsterdam ilianza kutumika kwa makrofaji (seli zinazomeza) za panya miaka ya 1980, na bidhaa nyingi zilizoko sokoni leo ni nasaba ya fomula yake. Mkusanyiko wa kawaida ni miligramu 5 za klodroneti kwa mililita, ingawa baadhi ya aina zina zaidi. Soma lebo kabla ya kupiga hesabu yoyote. Pamoja nayo ununue liposomu za ulinganisho, zilizojazwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) badala ya dawa, kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo. Anayeuza klodroneti bila kuwa na kichupa cha ulinganisho cha mafuta yaleyale muache. PBS tupu si mbadala: kumeza chembe za mafuta kwenyewe hubadilisha tabia ya granulositi, na usipokuwa na kikundi kilichomeza mafuta bila dawa hutajua kipi kimesababisha nini.

Sokoni utakuta pia liposomu zenye chaji hasi na zile zilizopakwa sukari ya manosi, na bei huwa juu zaidi. Zile za manosi zimebuniwa zinase kipokezi cha makrofaji za mamalia. Mbu ana lektini (protini zinazonasa sukari) zake, ila kipokezi kile si chake, na hakuna sababu ya kulipia chambo ambacho hakijapimwa kwake. Chukua zile za kawaida.

Sasa dozi, ambako karatasi ya panya inakuacha njiani. Dozi ya kawaida ya panya ni mililita 0.2 kwa mnyama wa gramu 20, yaani miligramu 1 ya klodroneti, ambayo ni mikrogramu 50 kwa gramu ya mwili. Anopheles jike asiyekula damu ana takriban miligramu 1.5. Ukimdunga nanolita 69 za dawa isiyozimuliwa amepata nanogramu 345, sawa na mikrogramu 230 kwa gramu: karibu mara tano ya panya. Ukizimua sehemu moja ya dawa kwa sehemu nne za PBS, nanolita 69 zinabeba nanogramu 69, na hapo uko kwenye mikrogramu 46 kwa gramu. Anzia hapo. Pima pia moja kwa mbili na moja kwa kumi kwa koloni yako, kwa sababu ukubwa wa mbu hubadilika na jinsi viluwiluwi walivyolishwa, na Aedes aegypti aliyeshiba utotoni ni mzito zaidi ya Anopheles. Namba 69 haina siri: ndicho kiasi cha juu cha mbofyo mmoja kwenye kidungio cha Nanoject II, kwa hiyo itifaki nyingi za kudunga mbu zimekizoea. Mwenye kifaa cha kupanga kiasi anaweza kutumia kingine, mradi vikundi vyote vipate kilekile.

Kuzimua kufanyike kwa PBS safi iliyotakaswa, ya nguvu ya kawaida. Maji matupu hupasua liposomu kwa shinikizo la osmosi. Chombo kilichooshwa kwa sabuni bila kusuuzwa vizuri huziyeyusha kimyakimya. Usipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.2, utabaki na maji yenye klodroneti huru na kichujio chenye dawa yote. Usitumie sonikata, wala usitikise kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi. Toa kichupa kwenye friji, kiache kifikie joto la chumba, kisha kipindue taratibu mara nane hadi kumi mpaka weupe uwe sawa juu na chini. Liposomu hutuama, na anayevuta kutoka juu ya kichupa kilichosimama usiku kucha amevuta maji. Tumia ncha ya pipeti yenye tundu pana au ukate ncha ya kawaida.

Kuhifadhi ni nyuzi 4 hadi 8, na kamwe isigande. Barafu ikikua ndani ya kitufe huchana tabaka, na dawa inamwagika nje. Kichupa kilichoganda kisha kikayeyuka bado huonekana cheupe, na hapo ndipo hatari ilipo: hakuna kitu kwenye rangi kinachokuonya. Hatari kubwa ni safarini, vifurushi vya barafu vinapogusana na kichupa moja kwa moja. Agiza kifungashwe na kiashiria cha kuganda, na kama kiashiria kimebadilika kataa mzigo bila mjadala. Friji zenye rafu ya nyuma inayogandisha nazo zimeharibu vichupa vingi. Dalili za kuoza ni mabonge yasiyosambaa baada ya kupindua, rangi kuelekea njano, au harufu ya mafuta yaliyochacha. Tarehe ya mwisho huhesabiwa kwa wiki au miezi michache tu, si miaka, na hewa ndani ya kichupa huharakisha kuoza.

Sindano ya kioo inayotumika kudunga RNA ya nyuzi mbili, ile ya kunyamazisha jeni, mara nyingi ni nyembamba mno kwa kazi hii. RNA ni kimiminika. Hii ni uji wa chembe, na chembe hujikusanya. Vunja ncha ya kapilari, yaani hiyo sindano ya kioo, ibaki na tundu la mikromita 30 hadi 50, imenolewa kimshazari ili ipenye bila kukandamiza kifua cha mbu. Tundu likiwa dogo utaona mambo mawili: mbofyo unasikika lakini tone halitoki, au linatoka tone angavu lisilo na weupe, maana yake maji yamepita na liposomu zimekwama. Kabla ya kila mbu wa kumi hivi, bofya tone hewani uliangalie chini ya hadubini. Likiwa angavu, badilisha sindano.

Kapilari hujazwa mafuta ya madini nyuma ya sampuli. Mahali mafuta yanapokutana na liposomu si pazuri, kwa sababu vitufe vya mafuta na mafuta ya madini huingiliana. Vuta mikrolita 3, ambazo kwa hesabu ni midungo 43, lakini ishia midungo 25 na umwage kinachobaki. Kuna sababu ya pili ya kuishia hapo: ndani ya dakika chache chembe hutuama ndani ya kapilari, na mbu wa mwisho hapati dozi ya mbu wa kwanza. Dunga vikundi kwa kupishana, mbu kadhaa wa klodroneti kisha kadhaa wa ulinganisho kwa sindano nyingine, badala ya kumaliza kikundi kimoja asubuhi na kingine jioni.

Mbu wawe majike wa siku 3 hadi 6, wamelalishwa kwa baridi juu ya sahani ya barafu, wasikae humo zaidi ya inavyohitajika. Mahali pa kudunga ni utando laini ubavuni mwa kifua, chini ya mzizi wa bawa, na ncha isiingie ndani zaidi ya inavyolazimu. Ukipenya misuli ya kurukia, mbu ataamka akiwa hawezi kuruka wala kula damu. Warudishwe kwenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na sukari ya asilimia 10. Wanaokufa ndani ya saa 24 waondoe kwenye hesabu za vikundi vyote kwa kanuni moja, kwa sababu hao wengi wameuawa na kioo.

Vifo vya baada ya saa 48 ndivyo vya kusoma kwa makini. Kikundi cha klodroneti kikianza kufa wakati kile cha ulinganisho kiko salama, watu hukimbilia kusema dawa ni sumu na kupunguza dozi. Kwanza shuku uchafu. Mbu asiye na seli za kumeza hana uwezo wa kuvumilia bakteria wachache walioingia na sindano, ambao mbu mzima angewamaliza bila mtu kujua. Ni jambo lililopimwa pia kwa makusudi, mbu waliodungwa klodroneti kisha bakteria hufa kwa wingi zaidi. Paka mikrolita 10 za dawa uliyozimua kwenye sahani ya agari, subiri usiku mmoja. Makoloni yakiota, umepata jibu, na dozi yako haikuwa na kosa. Kapilari zitakaswe kwa joto kavu au mwanga wa urujuanimno, na PBS ifunguliwe mpya.

Muda wa kudunga unategemea hatua ya kimelea unayoiulizia, na hapa dawa inaonyesha thamani yake. Okineti (hatua ya kimelea inayotembea) za Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya, hupenya ukuta wa utumbo wa kati takriban saa 18 hadi 24 baada ya mbu kula damu, na wakati huohuo protini za kinga kama TEP1, ikisaidiwa na LRIM1 na APL1C, huzinata na kuziua. Granulositi hazizimezi okineti. Zinasafiri hadi chini ya seli zilizojeruhiwa za utumbo na kuachia vijifuko vidogo, na bila vijifuko hivyo TEP1 haishiki sawasawa, kama kazi ya Castillo na wenzake ilivyoonyesha mwaka 2017. Ukitaka kugusa hatua hii, dunga siku moja kabla ya mlo wa damu. Awamu ya pili ya ulinzi huja baadaye, dhidi ya oosisti changa (vifuko ambavyo okineti hugeuka kuwa baada ya kuvuka utumbo), na seli zinazomeza zinachangia kupitia utengenezaji wa profenoloksidesi, chanzo cha kimeng'enya cha melanini. Kwa awamu hiyo, dunga baada ya okineti kuvuka, kisha hesabu oosisti siku ya pili na siku ya nane kwa mbu wa kundi lilelile. Anayehesabu siku ya nane pekee hawezi kutenganisha awamu hizo mbili, hata takwimu zake ziwe nzuri namna gani.

Angalizo la joto: mbu wa P. berghei hufugwa kwenye nyuzi 19 hadi 21, na kwenye baridi hiyo seli humeza polepole. Wanaodungwa kabla ya mlo wape saa 24 kamili kwenye nyuzi 27 kabla ya kuwahamisha. Na mlo wa damu wenyewe huongeza idadi ya hemositi zinazozunguka, kwa hiyo upungufu uliouona kabla ya mlo usiuchukulie kuwa utadumu. Pima tena baada ya damu.

Uhakiki ndio unaogawa kazi nzuri na mbovu kwa dawa hii. Kuhesabu jumla ya seli kwenye chemba ya Neubauer ni hatua ya kwanza na dhaifu kuliko zote. Bafa ya kuzuia hemolimfu isigande ambayo imezoeleka ni asilimia 60 ya midia ya Schneider, asilimia 10 ya seramu ya ndama, na asilimia 30 ya bafa ya sitreti yenye NaOH milimola 98, NaCl milimola 186, EDTA milimola 1.7 na asidi ya sitriki milimola 41, pH 4.5. Chana ncha ya tumbo kwenye pingili za mwisho, ingiza bafa polepole kifuani, kusanya mikrolita 10 zinazotoka. Usikamue tumbo kwa kibano ili kuharakisha. Seli za mafuta ya mwili zitamwagika na utazihesabu kama hemositi. Kwa mbu mwenye seli 1,000, kila mraba mkubwa wa chemba, ambao ni mikrolita 0.1, utakuwa na seli 10. Hesabu miraba yote tisa. Ukihesabu minne tu, makosa ya bahati nasibu yanaweza kufunika athari unayoitafuta.

Udhaifu wa hesabu hiyo ni kwamba jumla inaweza kushuka kidogo sana huku granulositi zikiwa zimekwisha, au kushuka sana kwa sababu seli zimehama kwenda kushikamana na tishu bila kufa. Mabaki ya liposomu nayo ni ya mviringo na hung'aa kwenye hadubini ya tofauti ya awamu, na jicho jipya huyaita prohemositi. Ndiyo maana kipimo cha kweli ni cha kumeza. Dunga shanga za polistairini zenye mwanga, kipenyo cha mikromita 1, zilizozimuliwa moja kwa kumi kutoka mchanganyiko wa asilimia 2. Subiri saa 2 kwenye nyuzi 27. Toa hemolimfu moja kwa moja juu ya slaidi. Ziache seli zishikamane dakika 20 hadi 30 kwenye chemba yenye unyevu. Zikaze zilivyo kwa paraformaldehaidi asilimia 4. Paka DAPI, rangi ya kuonyesha viini. Hesabu angalau seli 100 kwa mbu kama zipo, ukiandika ngapi zina shanga na kila moja ina ngapi. Kama dawa imefanya kazi, idadi ya seli zenye shanga itaporomoka. Hata ukiifanya vizuri, hazitaisha: kuna granulositi zinazonusurika, na kuna aina ndogondogo ndani ya kundi hili ambazo hazifi kwa kiwango kimoja.

Ongeza kipimo cha molekuli. Usemaji wa jeni za eater na nimrod B2, ambazo ni alama za seli zinazomeza, unapaswa kushuka kwenye qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA ya jeni) ukilinganishwa na rpS7, jeni ya ulinganisho. Hemolimfu ya mbu mmoja haina RNA ya kutosha. Changanya mbu 15 hadi 20 kwa sampuli, na uwe na sampuli zisizopungua tatu huru. Mbu mzima aliyesagwa naye hutumika, ila ishara hupungua kwa sababu tishu nyingine zimejaa.

Kisha angalia moyo. Hemolimfu uliyoisukuma nje haikukuonyesha seli zilizoshikamana, na hizo ndizo zinaweza kuwa zimebaki. Pasua tumbo upande wa chini, litandaze, tazama vitundu vya moyo katika mbu waliopewa shanga. Onyo kwa wanaopenda rangi ya CM-DiI, ambayo ni nzuri sana kwa hemositi za kawaida: inapenda mafuta. Liposomu zilizobaki zitang'aa nayo, na utahesabu vitufe vya dawa badala ya seli. Lazimisha kila "seli" unayoihesabu iwe na kiini cha DAPI.

Kuna mambo ambayo bidhaa hii haiwezi kukupa hata ukifanya kila kitu sawa. La kwanza, seli zinazokufa huacha mabaki, na mabaki ya seli zilizojiua yanaweza yenyewe kuamsha au kutuliza kinga. Kikundi cha liposomu za PBS hakina mabaki hayo, kwa hiyo ulinganisho si kamili. La pili, klodroneti inayovuja inaweza kunywewa na seli zilizo kando ya moyo, ambazo kazi yake ni kuchuja vitu vidogo kutoka kwenye hemolimfu. Kikundi cha tatu, cha klodroneti huru kwa dozi ileile bila liposomu, kinajibu sehemu ya wasiwasi huu. Wachache hukiweka, wahakiki wa majarida wangepaswa kukidai. La tatu, idadi ya bakteria wa utumbo hupanda baada ya damu, na mbu asiye na ulinzi wa seli anaweza kupata shida kutokana na hao badala ya vimelea. Kumpa viuavijasumu husafisha swali moja na kuharibu lingine, kwa hiyo kama unatumia, wape vikundi vyote na useme hivyo.

Njia mbadala zipo. Kujaza seli kwa shanga nyingi kabla ya jaribio ni rahisi na kwa bei nafuu, lakini seli hubaki hai na huendelea kutoa ishara zake. Unazuia kumeza tu. RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni moja kwa wakati, ambayo ni nguvu yake ukijua jeni unayoitaka. Mbu wa kijenetiki wenye kichocheo (kipande cha DNA kinachowasha jeni) cha hemolektini kutoka kwa inzi Drosophila walielezwa mwaka 2020, ila kichocheo hicho huwaka kwenye sehemu ndogo tu ya hemositi. Kwa sasa hakuna kinachofuta kundi zima la seli zinazomeza kwa usahihi zaidi ya liposomu hizi, na kwa anayeanza utafiti wa kinga ya mbu dhidi ya vimelea, bakteria au virusi, pesa ya kichupa inatumika vizuri. Ambaye hana kidungio cha nanolita, hadubini ya mwanga wa rangi na mtu aliyezoea kutoa hemolimfu asinunue bado. Bila uhakiki, matokeo yake hayatasomeka.

Nunua kichupa kidogo kuliko vyote. Mililita moja ikizimuliwa moja kwa tano inatosha, kwa hesabu tupu, midungo 72,000. Hata ukimwaga nusu kwenye kila kapilari, dawa itachacha kabla hujaimaliza. Jirani mwenye maabara ya wadudu anaweza kuchangia gharama, mradi mgawanyo ufanyike siku ya kufika, kwenye mirija midogo iliyojazwa karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo, kila mrija ukiandikwa namba ya toleo na tarehe ya kufunguliwa. Toleo la klodroneti na la ulinganisho yaandikwe yote mawili kwenye daftari, kwa sababu toleo jipya huhitaji kupimwa dozi upya kwa shanga, hata mtengenezaji awe yuleyule.